Ukitaka ubingwa wa upinde wa kompaundi, jipange kwa miaka

Vijana wengi wanaoanza kupiga kompaundi, upinde wa kisasa wenye magurudumu kwenye ncha zake, huuliza kwanza habari za upinde wenyewe: kampuni gani, toleo la mwaka gani, unarusha mshale kwa kasi gani. Ningependa waulize kwanza kama miaka kumi na miwili kuanzia leo bado watakuwa wanapiga. Nasema kumi na miwili kwa sababu ya Matt Stutzman.

Stutzman ni Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1982 bila mikono, akalelewa na wazazi waliomchukua akiwa bado mdogo sana, hukuhuku Iowa ninakoishi mimi. Hupiga akiwa ameketi. Mguu wa kulia unaushika upinde na kuusukuma mbele, mguu wa kushoto unapachika mshale kwenye upote, na upote unanaswa na kifyatulio, kifaa cha kuushika na kuuachia, kilichofungwa kwa mkanda begani. Alianza akiwa mtu mzima mwenye familia, hana kazi, akitaka kuwinda kulungu ili nyumbani pawe na nyama. Michezo ya Paralimpiki ya London 2012 alifika fainali, akashindwa na Jere Forsberg wa Finland, akaondoka na medali ya fedha. Rio 2016 hakupata kitu. Tokyo vilevile. Kisha Paris 2024, akiwa na miaka 41, akapiga alama 149 kati ya 150 na kutwaa dhahabu.

Mpinzani wake siku ile, Ai Xinliang wa China, alipata 147. Hebu fikiria: katika mishale 15, umbali wa mita 50, mtu amepoteza alama tatu tu na bado ameshindwa. Duara la alama kumi katika shabaha ya kompaundi lina upana wa sentimita 8, kama mdomo wa kikombe cha chai. Kila fungu ni mishale mitatu, na kila mshale una sekunde 20 za kupigwa. Ndiyo maana nasema huu si mchezo wa kuibuka msimu mmoja. Anayeshinda ni yule ambaye mshale wake wa mwisho unatoka sawasawa na wa kwanza, na usawa huo haununuliwi dukani.

Wengi wetu tukisikia neno upinde tunawaza Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, au Wakamba na sifa yao ya kale ya mishale. Kompaundi ni mtambo wa aina nyingine. Mmarekani wa Missouri, Holless Wilbur Allen, alipata hataza yake mwaka 1969. Kwenye ncha za upinde kuna magurudumu yasiyo duara kamili, yanayoitwa kamu. Unapovuta, uzito unaouvuta unapanda mpaka kilele, kisha ghafla unashuka. Upinde wa paundi 60, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa katika mashindano ya kimataifa ya kulenga shabaha, unaweza kukuachia paundi 12 hivi tu za kushikilia ukishamaliza kuvuta. Hapo ndipo watu wanapodanganyika na kudhani ni rahisi.

Ukiwa umeshikilia paundi 12 una muda, na huo muda ndio unaokutesa. Unachungulia kwenye kitundu kilichofumwa ndani ya upote, unaona nukta ya kioo chako ikicheza juu ya njano, rangi ya kiini cha shabaha, inaingia katikati, inatoka, inaingia tena. Akili inasema: sasa! Kidole kinatii, bega linashtuka, mshale unaangukia nane. Ukirudia hivyo mara nyingi, mwili unazoea, na baada ya muda huwezi tena hata kuituliza nukta katikati. Kidole kinafyatua chenyewe ikigusa tu ukingo wa njano. Mimi nimeishi na hofu hii ya shabaha, na najua wapigaji hodari iliowafanya watundike pinde ukutani moja kwa moja.

Dawa iliyonisaidia haina mvuto hata kidogo. Majira yote ya baridi niliondoa shabaha. Nilisimama hatua mbili tatu mbele ya robota, lile bunda linalopokea mishale, nikahakikisha mshale umeelekea katikati yake, nikafumba macho na kuvuta, huku nikisikiliza mgongo peke yake: mabapa ya mabega yanavyokaribiana, kiwiko kinavyozidi kwenda nyuma, mpaka kifyatulio kinaachia bila mimi kukiamuru. Nilitumia kifyatulio kisicho na kitufe, kile kinachoachia kwa kuzunguka kidogo mkononi kadiri mgongo unavyokaza. Siku za mwanzo kinatisha, kwa maana hujui kitaachia lini. Kutojua huko ndiko unakokutafuta. Niliporudi kwenye mita 18 ndani ya ukumbi, nukta bado ilicheza, maana haitulii kwa mtu yeyote, lakini haikuwa na amri tena juu ya kidole changu. Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam na huna uwanja wa mita 50, usilalamike sana. Kazi kubwa ya kompaundi inafanyika karibu, mbele ya robota lililojazwa vizuri, nyuma yake pakiwa na ukuta imara na pasipo na mtu anayeweza kukatiza.

Habari ya uzito nataka niiseme kwa msisitizo. Duka nililonunulia upinde wangu wa kwanza waliniuzia wa paundi 70, kwa sababu huku wanaume wengi huwinda na uzito huo. Bega langu lililipa. Mgeni aanze na uzito anaoweza kuuvuta akiwa ameketi kitini, polepole, bila kuinua upinde juu kuelekea mbinguni. Ikibidi paundi 35, iwe 35. Nyingi za pinde za siku hizi zinaongezeka uzito kwa kukaza boliti, na hakuna anayekukimbiza. Ukitaka kupiga ukiwa na miaka 41 kama Stutzman, bega lako la miaka 20 ndilo la kulilinda.

Riziki nayo iangalie mapema. Hela kwenye kompaundi zipo, lakini zina mahali pake. Mashindano ya Las Vegas, ambako mtu hupiga mishale 30 kwa siku kwa siku tatu na wanaobaki na 900 kamili huingia kugombea taji, hutoa makumi ya maelfu ya dola kwa bingwa. Ni wachache mno wanaoishi kwa hilo peke yake. Tafuta kazi itakayokuachia saa moja ya mazoezi kila siku. Hiyo itakujenga kuliko Jumamosi nzima ya kujichosha.

Na sasa kuna mlango mpya. Kompaundi haijawahi kuchezwa Olimpiki, ila Los Angeles 2028 itakuwemo, kwa timu ya mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Dada zetu, hili nawaambia ninyi kwanza: kila nchi itakayotaka nafasi hiyo lazima iwe na mwanamke anayelenga. Mtazameni Sheetal Devi wa India, aliyezaliwa Januari 2007 bila mikono katika wilaya ya milimani ya Kishtwar. Paris 2024 alikuwa na miaka 17 alipopata shaba pamoja na Rakesh Kumar, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa walemavu huko Gwangju. Naye hushika upinde kwa mguu. Nikimwona, naamini kabisa wapo mabinti wa namna hiyo Kitui, Dodoma na Goma ambao hawajawahi kupewa upinde waujaribu.

Ukinunua upinde uliotumika, pitisha kidole kwenye upote na nyaya zake. Ukiona nyuzi zinachomoza kama manyoya, dai upunguziwe bei na uzibadilishe kabla ya kupiga mshale hata mmoja. Agiza seti mbili, maana kwetu Afrika Mashariki seti ya pili haipatikani ng'ambo ya barabara, na kuzifunga kunahitaji mashine ya kuukandamiza upinde. Usivute na kuachia bila mshale kamwe, wala usimpe mgeni aujaribu hivyo; nguvu yote inarudi kwenye kamu na mikono ya upinde, na unaweza kuvunjika usoni pake.

Halafu pima urefu wa mvuto wako, yaani umbali utakaouvuta upote, kabla ya kulipa. Simama wima, tandaza mikono bila kujinyoosha kupita kiasi, rafiki apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati, ugawe kwa 2.5. Mwenye sentimita 178 atapata 71 hivi, yaani inchi 28. Upinde usioweza kurekebishwa ufike hapo, hata ukiwa wa bei ya kutupa, mwachie mwenyewe.