Muulize Anko: Dogo atemwe au abebwe?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi ni shabiki wa futiboli ya Kimarekani, jina la timu naomba usiliweke maana kwenye grupu letu wananijua. Tuna kwotabeki kijana tuliyemchukua kwenye drafti raundi ya kwanza, sasa ana misimu miwili na bado tunapigwa tu, pasi zinanaswa, juzi kati mechi moja kaangushwa mara sita. Nusu ya grupu wanasema atemwe tuchukue mwingine, nusu wanasema apewe muda. Mi niko katikati na nimechoka. Unasemaje?
— Shabiki Aliyechoka

ANKO: Marahaba mwanangu, na pole, maana hayo magrupu Jumatatu asubuhi hayana huruma.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu anaupita tu akibadilisha chaneli: kwotabeki ndiye anayepewa mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aurushe, ampe mtu akimbie nao, au akimbie nao mwenyewe. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na maamuzi yote hayo anayafanya ndani ya kama sekunde tatu huku majitu ya zaidi ya kilo mia yanakuja kumlalia. Na drafti ni ile zamu ya kila mwaka ya timu kuchagua vijana wapya, timu mbovu zikitangulia.

Haya. Mimi niko upande wa kumbeba, ila siyo kumbeba kwa mdomo. Mpeni msimu wa tatu lakini kwa sharti kwamba timu ibadilishe vitu vinavyomzunguka, kwa sababu ukimpa mtu muda halafu ukamwacha kwenye mazingira yaleyale hujampa kitu. Na ugonjwa umeshautaja mwenyewe kwenye barua yako, kaangushwa mara sita mechi moja. Mechi ya hivyo huwezi kumpima kwotabeki, unaupima ukuta wake, yaani wale walinzi wanaosimama mbele yake.

Waulize watu wa Houston habari za David Carr. Texans walikuwa timu mpya kabisa 2002, wakamchukua yeye wa kwanza kwenye drafti nzima, wakamweka nyuma ya ukuta wa kuungaunga na akaangushwa mara 76 msimu ule mmoja, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa. Kijana wa watu akakaa pale miaka mitano, akaondoka, na huko kwingine kazi kubwa ikawa kusugua benchi. Tena shida ya kuangushwa siyo maumivu peke yake, ni macho. Kwotabeki akizoea kupigwa anaanza kuwatazama wanaomjia badala ya kuwatazama wapokeaji wake kule mbele, miguu inachezacheza wakati hata mtu hajamfikia, mpira unatoka mapema au unatoka ovyo, na wewe kwenye kochi lako unasema huyu dogo hana akili. Tabia hiyo ikishamwingia, hata ukija kumpa ukuta mzuri baadaye haitoki kirahisi.

Sasa geukia Buffalo. Josh Allen alichukuliwa wa saba 2018, mkono una nguvu balaa lakini mpira unaenda anakojua Mungu, msimu wa kwanza pasi zilizofika ni asilimia 52.8, tachidauni za pasi (yaani mabao) 10 na zilizonaswa 12. Msimu wa pili asilimia ikapanda hadi 58.8, timu ikaingia mtoano, halafu Januari 2020 wakacheza na Texans na dogo akafanya vituko, mechi iko ukingoni, ameshashikwa, anaurusha mpira nyuma kwa mwenzake kama watoto wanaocheza barabarani, wakafungwa 22-19 kwenye muda wa nyongeza. Fikiria grupu lenu lingekuwa la Buffalo usiku ule.

Hawakumtema. Walikuwa wameshaanza kumjengea, 2019 walileta senta mpya (mtu wa katikati ya ukuta) Mitch Morse na wapokeaji wawili, John Brown na Cole Beasley, na Machi 2020 wakatoa chaguo lao la raundi ya kwanza na mengine juu yake ili kumleta Stefon Diggs kutoka Minnesota. Na muda wote huo kocha wa mashambulizi ni yuleyule, Brian Daboll. Msimu wa 2020 asilimia ikaruka hadi 69.2, tachidauni za pasi 37, na baadaye akaja kuwa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2024.

Hapo pa kocha kubaki yuleyule watu wanapapita haraka sana. Alex Smith, chaguo la kwanza la drafti ya 2005, pale 49ers ya San Francisco karibu kila mwaka alikuwa anapewa kocha mpya wa mashambulizi, maana yake kila mwaka kitabu kipya cha mipango ya mashambulizi, majina mapya ya vitu vilevile, ishara mpya, na wewe unategemea aamue kwa sekunde tatu. 2011 akaja kocha mkuu Jim Harbaugh, timu ikamaliza 13-3, yaani imeshinda 13 na kufungwa 3, na mtu huyohuyo waliyekuwa wanamzomea.

Lakini wale nusu nyingine ya grupu lenu nao siyo wajinga. Siyo kila dogo ni Allen, wengi wanapewa muda na hawafiki popote, na kuna wakati kubadilisha ndo sahihi hata kama kunaonekana ukatili. Arizona 2018 walimchukua Josh Rosen wa kumi, wakamaliza 3-13, mwaka uliofuata wao ndo wenye chaguo la kwanza, wakamfukuza kocha, wakamchukua Kyler Murray na Rosen wakampeleka Miami. Msimu mmoja tu! Watu wakapiga kelele. Ila Murray akawa kijana bora wa mashambulizi mwaka wake wa kwanza, na Rosen hakuwahi kushika namba popote tena. Unaweza kusema Rosen hakutendewa haki, na mi nakubali, lakini Arizona walikuwa na mtu aliye bora zaidi mkononi. Hilo ndo swali la kuwauliza hao wanaotaka atemwe: mnamtema mumlete nani? Kama jibu ni "yeyote tu", basi hawana jibu, wana hasira.

Msimu ujao acha kwanza kuangalia ubao wa matokeo, uangalie kitu kimoja. Jaribio la tatu, zimebaki yadi nane, hapo kila mtu uwanjani anajua inakuja pasi. Kabla mpira haujaanza utaona beki mmoja wa nyuma anashuka taratibu kusogea mbele, huo mara nyingi ni mtego. Dogo ameona? Ameinua mkono kuwapanga wenzake upya? Mpira ukishaanza, mpokeaji wake wa kwanza akibanwa, je kichwa kinageuka kwenda kwa wa pili na wa tatu, au anamkodolea macho yuleyule mpaka anarusha katikati ya mabeki wawili? Kama kichwa kinageuka na pasi inatoka kwa wakati hata ikidondoshwa, huyo mnaye. Kama mwaka wa tatu, ukuta umerekebishwa, kocha hajabadilika, mpokeaji wa maana yupo, na bado anamkodolea mmoja, basi mwanangu hamia tu upande wa wenzio wala usione haya.

SWALI: Anko, kwanini kila mtu anasema "mwaka wa tatu, mwaka wa tatu"? Kwani wa nne una nini?
— Mwanafunzi wa Hesabu

ANKO: Una pesa. Zamani kijana wa drafti alikuwa analipwa kama mfalme kabla hajarusha mpira hata mmoja, Sam Bradford 2010 alisaini miaka sita ya dola milioni 78, na milioni 50 zimehakikishwa. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakaingia mkataba mpya na mishahara ya vijana ikakatwa vibaya, Cam Newton, naye chaguo la kwanza, akapata kama milioni 22 kwa miaka minne. Kwa hiyo sasa kijana wa raundi ya kwanza ana mkataba wa miaka minne, na timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano, ila lazima iamue mapema Mei baada ya msimu wa tatu. Ndo saa inayowapigia wote kelele.

Na kila timu ina kikomo cha mishahara, 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Kwotabeki mkubwa siku hizi anachukua mpaka milioni 60 kwa mwaka, hizo ndizo Dak Prescott alizosaini na Dallas 2024. Dogo wa drafti anachukua kipande kidogo tu cha hizo, maana yake una miaka mitatu minne ya kuwa na pesa iliyobaki kununua ukuta na wapokeaji. Philadelphia walifanya hivyo kwa Jalen Hurts, tena yeye alikuwa wa raundi ya pili, 53 kwenye drafti ya 2020, bei rahisi zaidi. Mwaka wa pili watu bado wanabishana kama anafaa, timu ikamleta A.J. Brown Aprili 2022, msimu huohuo wakafika Super Bowl, fainali ya ligi, wakafungwa na Chiefs wa Kansas City 38-35, na Februari 2025 wakarudi wakawapiga haohao 40-22. Kinachoniudhi mimi ni timu inayomchukua dogo wa bei rahisi halafu pesa iliyookoa haionekani uwanjani, na bado lawama zote anatupiwa yeye.

SWALI: Habari Anko. Mbona kuna njia ya katikati, kumweka benchi kidogo apumzike akili halafu arudi? Kumwacha pale apigwe kila wiki si ndo kumuua?
— Mama wa Vijana Watatu

ANKO: Salama mama, na hapa umenigusa kwa sababu zamani ningekwambia hapana, kumtoa dogo ni kumtangazia chumba kizima cha kubadilishia nguo kwamba humwamini. Ila Bryce Young amenifanya nilegeze msimamo.

Carolina 2023 walitoa mali nyingi kupanda mpaka chaguo la kwanza, wakampa Chicago machaguo kadhaa pamoja na DJ Moore, yaani mpokeaji wao bora ndo waliyemtoa ili wapate mtu wa kumrushia mpira. Sijui nani aliona hiyo ni akili. Young akaangushwa mara 62, kocha akafukuzwa baada ya mechi 11, timu ikamaliza 2-15, na chaguo lao la 2024, ambalo kwa ubovu ule likawa la kwanza, likaenda Chicago kama walivyokubaliana. 2024 akaja kocha mpya Dave Canales, wakanunua walinzi wawili wa ukuta, Robert Hunt na Damien Lewis, kwa pesa nzito. Mechi ya kwanza wakapigwa 47-10, ya pili 26-3, na hapohapo dogo akawekwa benchi, akaingia mkongwe Andy Dalton.

Kila mtu akasema kwisha habari yake. Mwezi Oktoba Dalton akapata ajali ya gari akaumia mkono, dogo akarudi, na aliyerudi hakuwa yule, anasimama imara, anarusha mbele bila woga, mechi ya mwisho wakawafunga Atlanta 44-38 muda wa nyongeza na yeye akihusika na tachidauni tano. Sasa usije ukasema benchi ndo dawa. Alipokaa pembeni aliangalia mkongwe anavyofanya, sawa, lakini pia alirudi nyuma ya ukuta ulionunuliwa na chini ya kocha aliyekuwa anaendelea na mpango uleule. Ukimtoa dogo ukamrudisha kwenye ukuta uleule mbovu, umemwaibisha bure. Na kama unamtoa, mwambie kwanini na mwambie nini kitamrudisha. Wewe una vijana watatu mama, hilo huhitaji kufundishwa na mimi.

SWALI: Anko, akitemwa ndo basi? Nakuona unaongea kama wakimwacha maisha yake yameisha.
— Mpenda Jets (usinicheke)

ANKO: Sikucheki, maana ninyi wa Jets ya New York mmelipa ada ya somo hili kuliko wote. Sam Darnold mlimchukua wa tatu 2018, misimu mitatu mkampeleka Carolina, mkamchukua Zach Wilson wa pili 2021, naye akashindwa, 2023 mkamleta Aaron Rodgers akiwa na miaka 39 na akaumia kano ya kisigino mechi ya kwanza baada ya kuanzishiwa mpira mara nne tu, na nani akaingia? Wilson yuleyule mliyekuwa mmeshamkatia tamaa. Mlibadilisha mtu mara zote, ila jirani zake uwanjani hawakuwa wa kumsaidia.

Na Darnold? Alizunguka, akawa wa akiba San Francisco, 2024 akatua Minnesota kwa kocha Kevin O'Connell, ana Justin Jefferson wa kumrushia, timu ikashinda mechi 14 kati ya 17 na yeye akapiga tachidauni 35. Kwa hiyo hapana, siyo basi. Ila nikuongezee na upande wa pili ili usiende kunitukanisha kwenye grupu: mtoano ulipofika ukuta ukabomoka mbele ya Rams wa Los Angeles, akaangushwa mara tisa usiku mmoja, wakafungwa 27-9, akaonekana tena kama yule Darnold wenu wa zamani. Minnesota walikuwa wameshamchukua J.J. McCarthy kwenye drafti ya mwaka huohuo, aliyekosa msimu mzima kwa jeraha la goti, wakaamua kwenda na dogo wao, na Darnold akapanda ndege kwenda Seattle.