Kabla hujakaa na patna wako wa briji, andikeni kwanza

Nacheza briji na ami hapa Malindi mwaka wa sita sasa, na watu wakiniuliza wanataka siri ya kucheza karata, vile ya kukumbuka shupaza zimetoka ngapi na nani kabaki na nini. Mi huwauliza kwanza: we na patna wako mmeandika nini? Manake hasara kubwa nilizokula kwa huu mchezo karibu zote zilitokea kwa mnada, kabla hata karata moja haijaanguka mezani.

Kwa asiyeujua, briji ni turufu ya watu wanne, wawili kwa wawili, kila mtu karata 13. Tofauti na turufu ya barazani ni kwamba kwanza mnapiga mnada, mnaahidi mtakula mikono mingapi zaidi ya sita na turufu itakuwa ipi, alafu ndo mnacheza, na mkishindwa kutimiza mnalipa. Sasa kwenye huo mnada huna maneno, una miito tu, na kila mwito ni kama barua fupi kwa patna. Akiisoma sivyo mmezama.

Sisi tulifunzwa na jirani Mtaliano, mzee ambaye ami alikuwa akimpeleka kuvua enzi akiwa bado nahodha, ndo maana lugha yetu ya mezani imechanganyika. Kucheza bila turufu tunasema senza, kumpiga mpinzani adhabu mara mbili tunasema kontro, na upande ambao bonasi na adhabu zake zimepanda tunasema uko zona. Rangi za karata zimebaki zetu za siku zote, kopa, uru, shupaza na pau, ambazo nazo ni maneno ya Wareno kama ilivyo turufu yenyewe. Na kabla sijaulizwa, hatuchezi kwa pesa, hatujawahi.

Sasa nieleze siku ambayo ilitufanya tununue daftari. Tulikuwa zona, ami akafungua 1 senza, na hilo tulikuwa tunalijua sote, ni pointi 15 mpaka 17 na karata zimegawanyika sawasawa. Pointi zenyewe ni ree (A) 4, kingi (K) 3, kwini (Q) 2, jeki (J) 1, pakiti nzima 40. Mi nilikuwa na shupaza K J 6, kopa K 8 5, uru A Q 4 2, pau K 7 3, yaani 16. Slamu ndogo ya senza, ile ya mikono 12, inataka kama 33 kati yenu, kwa hivyo akiwa na 17 tunakwenda, akiwa na 15 tunabaki. Nikaita 4 senza, maana yangu ikiwa: ami, ukiwa umejaa twende 6, ukiwa na chache nyamaza. Ami akaisoma 4 senza kama Blackwood, ile ya kuuliza ree, akajibu 5 kopa, yaani nina ree mbili. Mi nikaisoma 5 kopa kama amekubali na ana kopa tano ndefu. Nikaita 6 kopa.

Alikuwa na kopa tatu. Mi tatu. Wapinzani saba.

Tulianguka mikono mitatu, hasara 300, na lau ami angelinyamaza pale kwenye 4 senza tungepata 630, manake mikono 10 ilikuwepo bila shida. Lakini hiyo 930 si ndo iliniuma. Iliniuma ile kimya baadaye, ami kaweka karata chini polepole akasema, "Mwanangu, uliniuliza ree, nikakujibu ree." Na mi nitamwambia nini? Huyu ndiye aliyenishika mkono mara ya kwanza naingia baharini, mkubwa wa nyumba yetu, shikamoo ni yake, siwezi kumwambia mbele za watu kwamba amekosea, na kwa kweli hakuwa amekosea. Nami sikuwa nimekosea. Kila mmoja alikuwa sawa kwa kitabu chake. Nikasema samahani ami, tukaendelea, na usiku mzima tulicheza kama watu waliogombana.

Kesho yake nikanunua daftari la shule, nikamwendea nyumbani baada ya asri na kahawa ikiwepo, nikamwambia ami nataka unifunze upya, sema nitaandika. Hapo ndo ninapotaka kila mwenye patna anisikie vizuri, hasa kama patna wako ni mtu unayemheshimu, mzazi, mwalimu wako, shemeji, bosi. Adabu yetu hairuhusu kumsahihisha mkubwa mezani, na ni adabu nzuri siitupi, lakini briji haiwezi kuishi bila kusahihishana. Daftari linatatua hilo. Mkitofautiana hakuna anayebishana na ami, mnafungua ukurasa, ukurasa ndo unasema, na kama ukurasa uko kimya basi kosa ni la ukurasa na mnaongeza mstari. Tangu siku hiyo hatujawahi kutoka mezani na kinyongo.

Alafu muandike nini? Watu hukimbilia majina, Stayman, Jacoby, Blackwood, wanaokota mitindo kumi kwa wiki moja kwa sababu wameona kwa intaneti. Mi nasema acha. Swali la kwanza kuandika kwa kila mwito ni moja tu: huu unalala au haulali? Yaani patna anaruhusiwa kunyamaza mnada ukafia hapo, au lazima aseme kitu? Sisi tunaandika L na pembeni HL. Patna kafungua 1 uru, nimeita 1 shupaza, HL, lazima aseme tena. Patna kafungua 1 uru, nimeita 2 uru, L, anaweza kupumzika. Rahisi hivo. Lakini je mpinzani akiingia kati? Je kama mwanzo nilipasi kabla patna hajafungua? Hapo ndo utaona watu wawili waliocheza pamoja miaka wanaangaliana, manake kila mmoja alikuwa ameamua peke yake kichwani. Sisi ukurasa mzima umejaa hayo ya mpinzani kuingia kati, kuliko ukurasa wowote mwingine, na naona ndivyo inavyotakiwa iwe manake wapinzani hawakai kimya wakusubiri.

Mfano mkubwa ni kontro. Patna kafungua 1 pau, mpinzani kasema 1 shupaza, mi nikipiga kontro ninamaanisha nini? Kwa ami, maana ni ile ya barazani, namwadhibu, ana shupaza mbaya tutamla. Kwa mi ilikuwa ile wanayoiita Sputnik, yaani sina adhabu, ninazo kopa nne na pointi za kutosha, patna sema kitu. Ilibuniwa na Mmarekani Alvin Roth na ikapewa jina hilo mwaka 1957 Warusi waliporusha ile satelaiti ya kwanza, na ami aliposikia hivo akafurahi, akasema basi hii ni ya kwetu, manake anaikumbuka mitambo ya Wataliano pale Ngomeni iliyokuwa ikirusha satelaiti kutoka baharini tangu 1967. Tukaiandika. Chini ya shupaza 2, kontro ni Sputnik, juu ya hapo ni adhabu. Kuna wanaoipandisha mpaka ngazi za juu zaidi na si vibaya, ila sisi tulichagua mstari tunaoweza kuukumbuka tukiwa tumechoka.

Na usidhani hili ni la wanafunzi. Italia kati ya 1957 na 1975 ilichukua ubingwa wa dunia, Bermuda Bowl, mara 13, na kwenye fainali ya mwisho kati ya hizo, dhidi ya Amerika Kaskazini, Belladonna na Garozzo wa Italia, ambao huenda hakuna patna waliojuana zaidi yao, walielewana vibaya kwenye mnada mmoja wakajikuta kwenye slamu kubwa ya pau, mikono yote 13, na kingi ya hiyo turufu iko kwa mpinzani. Ilikuwa imekaa pahali pazuri na ina karata moja tu ya kuisindikiza, ikakamatwa, Italia ikashinda. Ingekaa upande wa pili wangeanguka. Jirani yetu hilo alikuwa akisimulia mpaka mkono unatetemeka.

Sasa, uamuzi. Kuna mtu ataniambia makubaliano mengi yanaua akili, mi naona ni kinyume, huwezi kuamua vizuri kama hujui patna amekwambia nini. Ukishajua, ndo akili inaanza kazi, na kazi ya kwanza ni kuacha kuabudu zile pointi. Ndiyo, 25 kati yenu kwa kawaida zinatosha senza 3 au kopa na shupaza 4, ahadi zenye bonasi kubwa ambazo tunaziita geimu. Lakini chukua hii: patna kafungua 1 shupaza, kwetu ni angalau tano, na we una shupaza K 9 7 4, kopa 3 peke yake, uru A 8 6 5 2, pau 7 6 4. Pointi 7. Mchezaji mgeni ataita 2 shupaza anyamaze. Mi naita 3, manake turufu tisa tunazo, kopa tunapoteza mara moja alafu tunazikata, na hizo pointi zangu ni ree na kingi, kingi yenyewe iko kwenye turufu. Hizo 7 zinafanya kazi ya 10.

Chukua nyingine sasa, una 11, lakini kati yake kuna kwini na jeki ya kopa na mpinzani ndo anayeita kopa. Hizo tatu zihesabu kama hazipo ukitaka kucheza, zitakufaa ukiwa unazuia. Na kingi ya rangi ya mpinzani, angalia amekaa wapi: aliyeita akiwa kulia kwako, anacheza kabla yako, kingi yako ina uzima. Akiwa kushoto anakusubiri na ree yake, kingi yako ni mgonjwa. Rangi zisipooana, patna anang'ang'ania shupaza na we una moja tu, kila mnavyozidi kuita ndivyo mnavyozidi kuzama, wa kwanza kugundua anyamaze. Hilo la kunyamaza limenichukua miaka, nilikuwa nadhani kunyamaza ni woga.

Ila zona ni kitu kingine, ukiwa zona na mnacheza mechi za timu, bonasi ya kutimiza geimu ni 500 badala ya 300, basi geimu ambayo unaona nafasi yake ni 4 kati ya 10, iite. Na kujitoa mhanga kuzuia geimu ya wenzako ukiwa zona, waza mara mbili, manake ukipigwa kontro ukaanguka mbili ni 500, tatu 800.

Kuna jambo la nahodha ambalo ami ndiye aliyenieleza, na nimelikuta vitabuni baadaye ila si vizuri kama alivyolisema yeye. Mashua ikipiga bisho, mmoja tu ndo anaamua saa ya kugeuza, yule kwenye ubao wa nje anajua upepo kuliko mtu yeyote lakini hageuzi, anatoa habari. Mnada ni vivyo hivyo. Ukifungua 1 senza umeshasema kila kitu, 15 mpaka 17, basi, umetoa habari, patna ndo nahodha sai. Akisema 3 senza usiende 4 eti una 17, hiyo 17 alikuwa ameshaipigia hesabu. Vivyo hivyo ukifungua 3 kopa na kopa zako saba na vipointi vichache, umesema mara moja, usiseme tena hata wakuchokoze vipi. Ami hulivunja hili mara moja moja, na daftari humrudisha.

Jambo la mwisho ni gumu kwa sisi tuliokulia barazani. Kwa turufu zetu kukonyezana na patna ni sehemu ya utamu, kugusa sikio, kukohoa. Kwa briji hiyo ni wizi. Hata kusita kabla ya kupasi alafu patna akafaidika na kusita kwako ni kosa, na makubaliano yenu si siri, mpinzani akiuliza mwito huu kwenu una maana gani lazima aambiwe. Kwenye hiyo Bermuda Bowl ya 1975 ndo waliweka pazia katikati ya meza kwa mara ya kwanza ili patna wasionane. Daftari letu mtu yeyote anayecheza nasi akitaka kulisoma kabla hatujaanza anapewa, na kuna jamaa walilinakili wakaanza nalo.

Hivi sasa tumebakiza mstari mmoja hatujauandika. Patna kafungua 1 kopa, mpinzani kapiga kontro ya kuomba rangi, mi nikiita 2 pau, je inalala? Ami anasema inalala, ukiwa na nguvu ungepiga kontro juu ya kontro. Mi naogopa nikiwa na pau ndefu na nguvu pia, wapinzani watapanda mpaka 4 shupaza kabla sijazitaja. Nimemwandikia mifano mitatu ya karata, naye kaniandikia miwili, na Alhamisi baada ya isha tunaikalia.