Avebury kwa siku moja: mawe, kanisa na baa

Dada, umeuliza kama Avebury, kule Wiltshire, Uingereza, kuna cha kuona zaidi ya mawe. Kipo, tena vyote vimo ndani ya duara lenyewe la mawe au karibu nalo. Mawe yamewekwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na tofauti na Stonehenge, lile duara jingine maarufu la mawe, hulipi kiingilio na unaweza kuyagusa. Angalia pia nyumba za kijiji: karne ya 18 watu waliyachoma mawe kwa moto, wakayamwagia maji baridi yapasuke, wakajengea. Mwaka 1938 chini ya jiwe moja lililozikwa ilipatikana mifupa ya mtu wa karne ya 14 aliyekuwa na mkasi. Wengi hudhani alikuwa kinyozi.

Kanisa la St James liko nje kidogo ya duara. Sehemu yake ni ya zamani kuliko 1066, mwaka Wanormani walipoiteka Uingereza. Usitoke bila kutazama birika la ubatizo, limechongwa majoka.

Chakula cha mchana ni Red Lion, baa iliyo katikati ya mawe. Ndani kuna kisima cha zamani kilichofunikwa kwa kioo, na watu wanakula chakula juu yake! Kama hunywi pombe, usijali, baa za vijijini kule ni kama mgahawa tu.

Jioni tembea hadi West Kennet, kaburi la zaidi ya miaka 5,000, unaingia ndani. Njiani utaona kilima cha Silbury, ila kukipanda hairuhusiwi. Vaa buti, matope yapo.