Msikimbilie Kununua Farasi Mwingine

Nimejitolea miaka sita katika kituo kidogo viungani mwa Nairobi, ambako watoto wenye ulemavu hupanda farasi kama sehemu ya tiba. Karibu kila kikao cha kamati kiliishia pale pale: tuchange, tununue farasi wa tano. Na mimi nilikuwa mbele kunyoosha mkono.

Kwa asiyeijua kazi hii, farasi anapotembea taratibu, mgongo wake huzichezesha nyonga za aliyempanda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, karibu sawa na za mtu anayetembea. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hajawahi kupiga hatua anaupata mwendo huo mwilini mwake. Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilimpooza kuanzia magotini kwenda chini, alishinda medali ya fedha ya upandaji farasi kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, naye alikuwa wa kusaidiwa kupanda na kushuka. Lakini mtoto mmoja aliye juu ya tandiko mara nyingi anataka watu watatu chini: mmoja wa kumwongoza farasi, wawili wa kutembea ubavuni wakimshikilia. Jumamosi nyingi tulikuwa na farasi wanne na watu sita. Hesabu hiyo sikuwahi kuifanya.

Aliyenifungua macho ni saisi wetu, yaani mtunza farasi. Farasi jike mmoja, mpole kuliko wote, alianza kukataa kuondoka kwenye jukwaa la kupandia akishapandwa. Sisi wa kujitolea tukasema ana ukaidi, tukamvuta hatamu. Wiki ya tatu saisi akaniita pembeni: "Mwalimu, huyu si mkaidi. Mgongo unamuuma." Akapitisha vidole nyuma ya mabega ya farasi, ngozi ikaruka. Tandiko lilikuwa likimbana. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akajibu kwa adabu zote kwamba hakuna aliyemuuliza.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: mwingizeni saisi kwenye kikao, mlipeni vizuri, na mpeni mamlaka ya kusimamisha somo bila kujieleza kwa mtu. Kwetu, yeye ndiye anayeamua sasa farasi yupi apumzike. Watoto wanaopanda kwa siku wamepungua kidogo. Wazazi wachache walinuna, hilo sikatai.

La pili ni barua ya daktari kabla mtoto hajapanda, bila kuona haya. Baadhi ya watoto wenye ugonjwa wa Down wana pingili legevu za juu ya shingo, na mtikisiko unaweza kuwadhuru. Kifafa kisichodhibitiwa nacho ni cha kuulizia. Kumrudisha mama aliyetoka mbali kunauma, kwa hiyo fomu ya daktari kujaza imfikie akiwa bado nyumbani.

Halafu nauli. Tulidhani mahudhurio yanashuka kwa sababu akina mama wamekata tamaa, kumbe matatu zinawatoza viti viwili, cha mtoto na cha kiti chake cha magurudumu. Tukahamisha vipindi kutoka Jumamosi hadi Jumatano, siku ambayo shule ya jirani yenye kitengo maalumu inaweza kutuazima basi lake. Hatukuongeza farasi hata mmoja, na nafasi zikajaa.

Wafadhili bado hupiga simu wakitaka kununua farasi, maana farasi hupendeza pichani. Siku hizi nawatumia hesabu ya matunzo: farasi wa kilo 400 anakula takriban kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, na fundi wa kwato huja kila baada ya wiki sita hadi nane, mvua au jua. Wawili hawakupiga tena. Wa tatu aliuliza nyasi tunanunua wapi, na ndiye anayezilipia mpaka leo.