Waipa: bei ndogo au bei kali?

Mvua za Septemba zimerudi, na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu waipa, zile ambazo wengi wetu hapa Goma tunaziita esuiglasi. Tumechagua tano.

Jambo wahariri. Pale Birere muuzaji alinionyesha waipa mbili kwa dola 6, kisha mbili nyingine kwa dola 30. Kwa macho sikuona tofauti. Zangu za bei ndogo zilidumu miezi mitatu tu. Nikilipa mara tano, zitadumu mara tano?
*Mama wa Himbi*

Hapana, Mama. Zitafuta vizuri zaidi na zitachelewa kuchoka, lakini mara tano hazifiki, kwa sababu kinachoziua hapa Goma hakichagui bei.

Chukua waipa, igeuze mpira uangalie juu. Utaona ulimi mwembamba ulioshikwa na shingo nyembamba kuuzidi. Waipa ikienda upande huu, ulimi hulala upande ule. Ikirudi, shingo hupinda na ulimi hugeuka. Kazi yote ya kufuta hufanywa na kona moja ya ulimi huo, kona kali kama ukingo wa karatasi mpya. Kiwandani mipira hutengenezwa miwili miwili ikiwa imeungana ulimi kwa ulimi, halafu hukatwa katikati kwa kisu. Kisu kikiwa butu, kona hutoka na meno, na kila jino huacha mstari wa maji mbele ya macho yako tangu siku ya kwanza. Ukilipa zaidi, unalipia kwanza mkato huo. Kisha unalipia mpira usioharakisha kukakamaa juani, grafiti inayopakwa juu yake ili uteleze, na chuma cha springi kinachoukandamiza sawasawa toka ncha hadi ncha juu ya kioo kilichopinda.

Sasa Goma yetu. Mchanga mweusi wa barabarani ni lava iliyosagika, na ndani yake mna chembe ngumu zenye ncha. Chembe ikikwama chini ya ulimi, inachana mpira wa dola 3 na wa dola 15 vilevile. Tena mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jua la mwinuko huu hukausha mpira upesi, hasa gari likishinda nje.

Kwa hiyo tafuta ya katikati: yenye fremu ya chuma, na mpira unaoweza kuchomolewa na kubadilishwa peke yake. Kabla ya kutoa pesa, pitisha kucha juu ya ulimi toka mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza popote, rudisha. Sukuma ulimi kulia na kushoto: lazima ulale na kuinuka wenyewe, bila uvivu. Tikisa fremu karibu na sikio. Viungo vikilia kala-kala dukani, barabarani vitapiga kelele zaidi. Halafu omba iliyokuwa ndani ya boksi, usichukue ile iliyoning'inia juani mbele ya duka tangu kiangazi. Hiyo imeshazeeka kabla hujaifunga, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni kubwa.

Pesa zikiwa chache, weka nzuri upande wa dereva na ya bei ndogo upande wa abiria. Hakuna ubaya wowote.

Nimefunga waipa za bei kali kabisa, lakini zinatetemeka na kulia kama mlango mbovu. Nimeuziwa bandia?
*Dereva wa teksi, Ndosho*

Huenda, lakini usirudi kugombana na muuzaji kabla ya kuangalia kioo na mkono wa waipa. Mara nyingi kosa liko hapo.

Anza na kioo. Moshi wa magari ya mazutu hujenga utando wa mafuta usioonekana mchana. Usiku taa za gari linalokuja ndizo zinaufichua. Mpira haupiti vizuri juu ya utando huo: unateleza, unakwama, unateleza tena, na mtetemo unatoka hapo. Osha kioo kwa sabuni ya vyombo na sponji safi, suuza kwa maji mengi, rudia. Maji yakitandaa kioo kizima bila kujikusanya matone matone, utando umekwisha. Futa na mipira kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mpaka kitambaa kiache kutoka na weusi mwingi. Usitumie esansi, mazutu wala petroli kwenye mpira. Siku mbili za kwanza utaona kama umelainika. Ukweli ni kwamba umevimba, na ulimi uliovimba umepoteza kona yake. Msasa nao tunaukataa kwa sababu hiyohiyo.

Mtetemo ukibaki, tazama mkono. Zima gari wakati waipa ziko katikati ya kioo, chomoa waipa, na papo hapo tandika taulo nene lililokunjwa juu ya kioo, maana mkono mtupu ukiponyoka springi yake inaupiga chini na kioo kinapasuka. Ncha ya mkono inapaswa kulala sambamba na kioo. Ikiwa imepinda kidogo, na mikono ya magari yetu hupinda kwa kuvutwavutwa na vijana wanaoosha gari, ulimi unaegemea upande mmoja na haugeuki. Dalili yake ni hii: waipa inafuta safi ikipanda na inaruka ikishuka, au kinyume chake. Shika ncha kwa spana mbili zilizofungwa kitambaa, pinda kidogo sana, funga waipa, mwagia maji, jaribu. Rudia kidogo kidogo.

Kasoro ikiwa ni mkanda mpana wa maji unaobaki katikati, springi ya mkono imechoka au kiungo chake kimeshikwa na kutu. Tone la mafuta kwenye kiungo, uinue na kushusha mkono mara kadhaa. Usiponyooka, badilisha mkono. Waipa ya dola 100 isingekusaidia.

Je, inawezekana kubadilisha mpira tu? Fremu zangu za Japani bado ni nzima.
*Msomaji wa Katindo*

Inawezekana, na kwa fremu nzuri ya kiwandani ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote. Nenda sokoni na mpira wa zamani mkononi, kwa sababu unene wa mgongo wa mpira hutofautiana: ipo ya milimita 6, ipo ya 8 na zaidi, na isiyolingana ama haingii kwenye makucha ya fremu ama inachomoka mvua ikikolea. Urefu si tatizo, mkasi mkali unatosha, ila kata upande usio na kizuizi.

Upande mmoja wa mpira una vishimo viwili ambamo kucha la mwisho la fremu hukaa. Vuta mpira kwa nguvu kutokea upande huo, kucha liachie, kisha uteleze wote nje. Utakuta vipande viwili vyembamba vya chuma vimelala kwenye mifereji ya mgongo wake. Usivitupe! Mpira mpya mara nyingi huuzwa bila hivyo. Angalia vimepinda kuelekea wapi, vihamishe hivyohivyo, vijino vyake vikitazama ndani. Ukivigeuza, ncha zitainuka na waipa itafuta katikati tu. Ingiza mpira mpya ukipitisha kila kucha moja baada ya jingine. Kucha moja likikosewa litakwaruza kioo mstari usiofutika, kwa hiyo yahesabu yote kabla ya kurudisha waipa mahali pake.

Asubuhi nakuta vumbi jeusi limefunika kioo. Napiga waipa linaondoka. Nakosea?
*Papa wa Majengo*

Ndiyo, Papa, unakosea, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya waipa. Vumbi la lava, au majivu yenyewe siku Nyamulagira au Nyiragongo inapoyatoa, likisuguliwa likiwa kavu linachora kioo kama msasa. Michoro hiyo haionekani mpaka utazamane na jua la jioni ukielekea Sake. Mwagia kwanza maji kwa jagi kutoka juu, lita 2 au 3, yateremshe vumbi. Kisha inua waipa ufute ulimi kwa kitambaa kibichi, ndipo uziwashe.

Kwenye chupa ya maji ya waipa usijaze maji ya ziwa. Kivu ina chumvichumvi nyingi; maji yake yakikauka huacha madoa meupe juu ya kioo na kuziba vitundu vya kurushia. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa yanafaa, pamoja na matone machache ya sabuni ya vyombo.

Gari yangu usukani ulikuwa kulia, fundi akauhamishia kushoto. Sasa pembeni yangu hapafutiki. Niweke waipa ndefu zaidi?
*Msomaji wa Keshero*

Hapana. Waipa ndefu itagonga nguzo ya kioo au kugongana na mwenzake, na motokaa nyingi zilizoletwa kwetu zimeunguza mota ya waipa kwa njia hiyo. Gari la usukani wa kulia limepangwa kumfutia dereva wa kulia: waipa ndefu iko upande huo, na pale kushoto kiwanda kiliacha pembe isiyofutwa karibu na nguzo. Wewe sasa umekaa nyuma ya pembe hiyo. Dawa ni kuhamisha mfumo mzima wa mikono na vyuma vyake vya chini, kutoka gari la aina hiyohiyo lililotengenezwa na usukani wa kushoto. Mwambie fundi wako kazi aliyoianza bado hajaimaliza.