“Kupita dola 50”: je, 50 yenyewe imo?

Swali: Mwalimu, natunza hifadhidata ya chama chetu cha kuweka na kukopa hapa Kadutu, Bukavu. Mwekahazina aliniomba orodha ya “wenye deni la kupita dola 50”. Nikaandika deni >= 50, yaani 50 au zaidi. Mama mmoja mwenye deni la 50 kamili akajikuta kwenye orodha, akakasirika sana. Nani amekosea?

Jibu: Dada yangu, mama ana haki. Ukipita nyumba ya mtu umeiacha nyuma, hukusimama mlangoni. Deni la kupita 50 limeiacha 50, kwa hiyo alama ni > peke yake. Usiogope eti “kupita” ni neno la mtaani. Toka Goma hadi Lubumbashi tunasema “mukubwa kupita ule” pale wenzetu wanaposema “kuliko”, na kwenye hesabu ni lile lile.

Kama mwekahazina alitaka hata wa 50 waingie, angesema “kuanzia dola 50” au “deni lisilopungua dola 50”. Hapo >= yako ingekuwa sahihi. Kikanushi hiki kinawaponza wengi: wakisikia “lisilozidi 50” wanaandika <. Hapana! Ukikana kuzidi, kinachobaki ni pungufu pamoja na usawa wenyewe, yaani <=.

Penye umri uwe macho zaidi. Katiba yetu ya 2006 inampa haki ya kupiga kura aliyetimiza miaka 18. Kijana wa miaka 18 na miezi mitatu kweli “amepita 18”, lakini safu ya umri inaonyesha 18 tu, na ukiandika umri > 18 umemfungia nje. Neno “kutimiza” linadai >=.

Halafu kuna “kati ya”, ambayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Amri ya BETWEEN (“kati ya” katika SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata) inachukua ncha zote mbili: BETWEEN 20 AND 50 inaleta hata wa 20 na wa 50. Lugha yetu haiahidi hivyo. Ukiniambia kisiwa cha Idjwi kiko kati ya Goma na Bukavu, sitafuti Idjwi bandarini Goma. Mwombe mwekahazina aseme “kuanzia 20 hadi 50, zote zikiwemo”, kisha uandike amri yako.