Jina la kampuni limepita BRELA: je, tayari ni mali yetu?

Swali: Mimi na wenzangu wawili tunasindika asali mkoani Tabora na tunataka kusajili kampuni. Tumelitafuta jina "Asali Bora Tabora" katika mfumo wa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) na hatukuona kampuni yenye jina hilo. Je, tunaweza kuchapisha lebo? Na jina likishasajiliwa, mtu mwingine hataweza kulitumia?

Jibu: Ndugu msomaji, nawaomba msichapishe lebo kwanza. Mfumo kutoonyesha jina linalofanana na lenu herufi kwa herufi hakumaanishi kwamba jina liko wazi, kwa sababu Msajili wa Kampuni anaweza kulikataa hata jina linalokaribiana mno na lililokwisha kusajiliwa. Kwa hiyo tafuteni neno lililobeba jina, mkiacha pembeni nyongeza kama "Limited" au "Tanzania", kisha mjaribu tahajia zote ambazo mteja angeweza kuziandika baada ya kulisikia redioni: L mahali pa R, K mahali pa C, maneno mawili yaliyounganishwa kuwa moja. Angalieni pia majina ya biashara, ambayo husajiliwa kwa sheria yake, mbali na kampuni.

Jina likikubaliwa, mnaweza kuomba lihifadhiwe wakati mnakamilisha nyaraka. Sheria ya Makampuni inaruhusu hifadhi ya siku 30, ambayo Msajili anaweza kuiongeza kwa sababu maalumu, lakini isizidi siku 60.

Sehemu ya pili ya swali lenu ndiyo inayowagharimu wengi. Usajili wa kampuni huzuia kampuni nyingine kusajiliwa kwa jina hilo au linalokaribiana nalo mno. Haumpi mtu haki ya kulimiliki neno hilo sokoni. Haki hiyo hutokana na usajili wa alama ya biashara na huduma (neno au nembo inayotambulisha bidhaa yako sokoni), ambao nao unafanywa BRELA, ila katika daftari jingine na chini ya sheria ya mwaka 1986. Ikiwa kuna mtu aliyekwisha kusajili neno hilo kama alama ya asali, cheti chenu cha kampuni hakitawakinga atakapowataka muondoe chupa madukani. Tafuteni basi katika daftari la alama pia, ambamo bidhaa hupangwa kwa makundi yenye namba, mkianza na kundi la 30 ambamo asali imo. Kama mtauza mishumaa ya nta angalieni kundi la 4, na kama mtatengeneza sabuni, kundi la 3.

Hapo nina wasiwasi wa kweli na jina mlilochagua. "Asali" ni bidhaa yenyewe, "Bora" ni sifa yake, na "Tabora" ni mahali inakotoka. Kila mfugaji nyuki wa mkoa huo ana haki ya kuyatumia maneno hayo matatu. Huenda likapita kama jina la kampuni, lakini kama alama ni dhaifu mno, na ombi lenu linaweza kukataliwa kwa kukosa upekee. Chagueni neno lisiloieleza asali kabisa, hata kama ni neno la kawaida katika lugha zenu za nyumbani, na maelezo ya bidhaa yaandikwe chini yake kwa herufi ndogo. Ushauri huu huwa haupendwi, kwa kuwa wafanyabiashara hupenda jina linalojieleza. Hata hivyo, jina linalojieleza ndilo gumu zaidi kulitetea.

Ombi la alama likikubaliwa hutangazwa katika jarida la Msajili, na mwenye pingamizi hupewa siku 60 kuliwasilisha. Usajili hudumu miaka 7 tangu tarehe ya ombi, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ombeni kwa jina la kampuni yenyewe, si la mmoja wenu, ili siku mkitengana alama isiondoke na mtu. Ulinzi huo unaishia Tanzania Bara: mkipeleka asali Zanzibar, mtasajili upya kwa wakala wa serikali wa usajili wa huko, BPRA.

Mkishaipata alama, itumieni kweli na mtunze ankara na picha za lebo, maana alama isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa kufutwa. Na ile herufi R ndani ya duara isiwekwe kwenye chupa hadi cheti cha alama kitoke.